MLIMA NA ZIWA NI JIRANI
Mazungumzo kwa viongozi wa walei juu ya plastiki ya mashambani na ya uvuvi



1. UTANGULIZI

Pengine baadhi yenu mmeshangaa kusikia kwamba mada ya leo ni plastiki. Tumezoea kuiona Tume ya Haki na Amani ikishughulikia mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, au ugomvi kati ya wakulima na wafugaji. Habari za takataka tumemwachia bwana afya.

Nami nakubali kwamba usafi ni kazi ya bwana afya. Lakini mahali ambapo mmoja anatupa na mwingine anaumia, hapo pana suala la haki. Na ndivyo ilivyo kwa plastiki inayotoka katika mashamba yetu na katika vyombo vya uvuvi vya ndugu zetu wa Ziwa Nyasa. Anayeitupa haimwumizi leo. Humwumiza jirani aliye bondeni, mvuvi aliye ufukweni, na mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Tutafuata njia tuliyoizoea katika Jumuiya zetu: kwanza tutazame hali ilivyo, pili tuipime kwa Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa, tatu tuamue la kutenda.

2. TUTAZAME HALI ILIVYO

a) Mlimani

Wazee wa Umatengo walituachia urithi mkubwa wa kilimo cha ngoro, ambacho wataalamu wa nchi za mbali wamekuja kujifunza kwetu. Mkulima hufyeka majani, huyalaza kwa mistari inayokatana hadi ikafanya miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Majani yale huoza yakawa mbolea. Shimo linalobaki hushika maji ya mvua, na udongo haukimbii hata mteremko uwe mkali namna gani. Siri ya ngoro ni kwamba kila kinachofukiwa hurudi kuwa udongo.

Siku hizi, pamoja na majani, tunafukia vitu visivyorudi kuwa udongo. Angalieni kingo za mashamba yetu ya kahawa baada ya kupulizia dawa ya chule buni na kutu ya majani: chupa na vipakiti vimelala pale pale bomba lilipojazwa maji, mara nyingi kando ya kijito. Angalieni mashimo ya miche: viriba vilivyochanwa vimeachwa ardhini, au mche umepandwa pamoja na kiriba chake, mizizi ikajizungusha kama mfungwa. Angalieni mifuko ya mbolea iliyofanywa ua wa bustani au paa la banda la kuku: baada ya misimu michache ya jua huanza kutoa nyuzi, na upepo huzisambaza kila mahali.

Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa na mpango wa mbolea ya ruzuku, na ni jambo jema, maana mahindi hayaoti kwa hotuba. Lakini kila mbolea huja na mfuko wake, na mbolea ikishamwagwa, mfuko unakuwa hauna mwenyewe.

Plastiki haiozi kama jani. Jua huikausha, ikapasuka vipande, na vipande vikawa chembe zisizoonekana kwa macho. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 2021 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa taarifa kwamba uzalishaji wa mimea na wanyama duniani hutumia takribani tani milioni 12.5 za plastiki kila mwaka. Likaongeza jambo ambalo wengi hawakulitegemea: udongo una chembe hizo nyingi kuliko bahari. Tunaposikia habari za plastiki tunafikiri juu ya kasa na nyangumi. Kumbe shamba la maharage nalo limo.

Wako wanaosema: tuichome basi. Wengine huwashia moto wa jikoni kwa kipande cha mfuko. Ndugu zangu, moshi wa plastiki una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mama aliyeinama juu ya mafiga na mtoto aliye mgongoni mwake. Chupa ya dawa ya kuulia wadudu ikichomwa, sumu ya dawa huungana na sumu ya plastiki. Na kuna hatari nyingine iliyo mbaya zaidi: chupa ya dawa kuoshwa na kutiwa mafuta ya kula au maji ya kunywa, au dawa kumiminwa katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma alama ya fuvu. Yeye huona chupa ya soda.

b) Ziwani

Sasa tushuke kwa ndugu zetu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Hapo kale nyavu zilisukwa kwa nyuzi za mimea. Wavu uliopotea uliozea majini, na mambo yakaisha. Nailoni ilipokuja ilimwokolea mvuvi kazi nyingi, maana ni nyepesi, ina nguvu, na haiozi. Sifa hiyo ya kutooza ndiyo inayogeuka balaa wavu unapopotea. Upepo wa mwera ukivuma ghafla na kukata kamba, au wavu ukinasa katika mawe, hubaki chini ukiendelea kuvua usiku na mchana. Samaki hunasa, hufa, na kuwavuta wengine wanaokuja kula, nao hunasa. Ni uvuvi usio na mvuvi, na samaki wake hawafiki katika chungu cha mtu yeyote.

Watafiti waliowahoji wavuvi wa nchi mbalimbali walikadiria mwaka 2022 kwamba karibu asilimia 2 ya zana zote za uvuvi duniani hupotelea majini kila mwaka. Kwa mvuvi mmoja huenda hasara hiyo isionekane. Lakini hesabuni mitumbwi iliyo katika ufukwe mmoja tu, kisha zidisheni kwa miaka kumi.

Tena zipo nyavu za uzi mmoja mwembamba wa plastiki, ambazo sehemu nyingine huitwa timba. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zimezikataza, lakini kwa kuwa bei yake ni ndogo bado hununuliwa. Hukatika upesi na hazishoneki, kwa hiyo hutupwa. Wapo pia wanaovulia vyandarua walivyopewa kwa ajili ya kuzuia malaria. Kwa tendo hilo moja mtoto amenyimwa kinga ya mbu, vifaranga vya samaki vimezolewa, na chandarua chenye dawa kimeishia majini. Ongezeni vyelea vya chupa na vipande vya kandambili, na mifuko ya kufungashia usipa, mwone jinsi ufukwe unavyopambwa.

c) Njia ya maji

Yawezekana mkulima wa hapa Mbuji akasema: mambo ya nyavu hayanihusu. Na mvuvi akasema: viriba havinihusu. Lakini milima yetu ni kama paa la nyumba lenye miteremko miwili. Maji ya upande mmoja hushuka Ziwa Nyasa, mengine kwa njia ya mto Ruhuhu. Maji ya upande wa pili huelekea mto Ruvuma, nao huyapeleka hadi Bahari ya Hindi, pale Mtwara ambako mwaka 2000 serikali ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Chupa iliyoachwa ukingoni mwa kijito mwezi wa Desemba haibaki pale hadi Pasaka.

Na ziwa letu lina tabia ambayo yafaa kila mmoja aijue. Kina chake chafika karibu mita 700. Mito mingi huingia humo, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Shire, ulio upande wa Malawi. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Sasa, maji hugeuka mvuke, plastiki haigeuki. Kwa hiyo Ziwa Nyasa ni kama chungu kilicho mekoni bila kifuniko: maji hupungua kwa mvuke na kuongezwa, lakini uchafu ulioanguka ndani hubaki ndani. Humo wamo mamia ya aina za samaki ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Humo yamo magege na mbasa, na humo umo usipa, ambao ndio nyama ya maskini hata huku mlimani.

Je, samaki huzila chembe hizo? Katika Ziwa Victoria jambo hili limechunguzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima sangara 20 na sato 20 walionunuliwa sokoni Mwanza. Katika kila kundi, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Sisemi haya ili mwache kula samaki. Nayasema ili tusidhani kwamba kilichotupwa kimepotea.

3. TUPIME KWA NENO LA MUNGU NA MAFUNDISHO YA KANISA

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawageukia kondoo walionona na kuwakemea. Hawakutosheka kunywa maji safi; yaliyobaki waliyavuruga kwa miguu yao, na kondoo wengine wakalazimika kunywa maji hayo yaliyovurugwa. Angalieni kwamba nabii hawalaumu kwa kunywa. Kunywa ni haki yao. Kosa lao ni kutomkumbuka anayekunywa baada yao. Mkulima anayo haki ya kutumia mbolea na dawa, na mvuvi anayo haki ya kutumia nailoni. Swali la nabii ni hili: huyo anayekuja nyuma yako atakuta nini?

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, chasema kwamba Mungu alimweka mwanadamu katika bustani ailime na kuitunza. Ni kazi mbili katika agizo moja. Kulima twajua; kutunza ndiko tunakosahau jembe likishawekwa begani. Yesu naye, baada ya kuwalisha maelfu, aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki yasipotee. Mwenye uwezo wa kuzidisha mikate hakuona haya kuokota makombo. Na Yakobo na Yohane walipoitwa, kadiri ya Injili ya Marko, walikuwa chomboni wakitengeneza nyavu zao. Mitume wa kwanza walikuwa watu wa kushona, si watu wa kutupa.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alituonya juu ya utamaduni wa kutupa, akaonyesha kwamba moyo ule ule unaotupa vitu huzoea pia kuwatupa watu: wazee, wagonjwa, maskini. Akatufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini hatuna budi kuvisikia pamoja. Hapa kwetu vilio hivyo viwili vina sauti moja, maana anayeishi kwa udongo na kwa ziwa hana akiba nyingine. Udongo ukichoka na ziwa likichafuka, mwenye fedha atanunua chakula cha kutoka mbali. Maskini hana pa kwenda.

Tuitazame na sheria. Kuanzia tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na mama muuza nyanya akalazimika kubadilika. Lakini kanuni zile ziliruhusu vifungashio vya plastiki kwa mahitaji kadhaa, kikiwemo kilimo. Silaumu, kwa maana mbolea haiwezi kufungwa katika gazeti. Nasema tu kwamba pale katazo la sheria lilipokoma, ndipo dhamiri inapopaswa kuanza.

Tena haki hudai tuulize: mzigo huu ni wa nani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. Ni nani mchafuzi: mkulima mwenye robo eka, au pia yule aliyetengeneza chupa, na yule aliyeiuza, ambao walipata faida bila kuuliza itaishia wapi? Huko Brazil, nchi ya kwanza duniani kwa kahawa, sheria ya mwaka 2000 iliugawa mzigo huu: mkulima husuuza chupa na kuirudisha, muuzaji hutenga mahali pa kupokelea, mtengenezaji huzichukua na kuzishughulikia. Matokeo yake, zaidi ya chupa 90 katika kila 100 hukusanywa. Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba haiwezekani.

Mataifa nayo yalikubaliana jijini Nairobi mwezi Machi 2022 kuandaa mkataba wa dunia juu ya plastiki, lakini kikao cha Geneva cha Agosti 2025 kilimalizika bila mapatano. Tuuombee mkataba huo, lakini tusiukalishe utunzaji wa kijito chetu ukiusubiri.

4. TUTENDE

a) Shambani

Kwanza, chupa ya dawa ikiisha isuuzwe mara tatu pale pale shambani, na maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba yapuliziwe kwenye kahawa, wala yasimwagwe mtoni. Kisha itobolewe ili asiwepo wa kuitumia tena, na ihifadhiwe katika mfuko uliofungwa, mbali na nyumba, chakula na watoto. Isichomwe, isifukiwe, isitupwe chooni.

Pili, kiriba kichanwe na kutolewa kabla ya kupanda, na anayepanda awe na kikapu cha kuvikusanyia. Aliyepanda miche mia moja arudi nyumbani na viriba mia moja. Kwa bustani ndogo ya miche, maganda ya migomba hufaa sana, nayo huoza bila kumdai mtu kitu.

Tatu, mfuko wa mbolea utumike kubebea samadi au udongo, usitiwe nafaka wala unga, na uondolewe juani kabla haujaanza kutoa nyuzi. Ifaayo kwa kufunga tufunge kwa katani au kamba za migomba badala ya nailoni. Na anayetunza ngoro yake vizuri, akaongeza samadi na mboji, huhitaji mifuko michache zaidi, na fedha hubaki mfukoni.

b) Ziwani

Kila mtumbwi uwe na kapu la vipande vya nyavu na kamba, na kapu hilo lirudi ufukweni pamoja na samaki. Wavu utiwe alama ya mwenyewe, usiachwe majini pasipo sababu, na usitegwe dalili za mwera zinapoonekana. Ukipotea, mwenyewe atoe taarifa upesi kwa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, BMU, na wenzake wasaidiane kuutafuta kwa ndoano ya kukokota. Asionewe haya wala kutozwa faini kwa kusema kweli. Wavu uliochakaa una kazi nchi kavu: kufunika usipa usiliwe na ndege, au kuzungushia bustani, mradi ukishalegea kabisa ukusanywe. Na timba tuache kuinunua. Rahisi yake ni ya siku moja.

c) Katika Parokia na vyama vya ushirika

Mtaniuliza: tukishakusanya, tupeleke wapi? Swali hilo ni la haki, na mkulima peke yake hana jibu lake. Ndiyo maana nasema na ninyi viongozi. Wengi wenu ni wanachama wa AMCOS, na wengine ni wajumbe wa bodi. Katika mkutano mkuu ujao mlete hoja kwamba chama kisinunue pembejeo kwa mfanyabiashara asiyekubali kupokea chupa na mifuko mitupu. Lori lililopanda mlima na mbolea halishindwi kuteremka na mifuko yake, mradi isichanganywe na kahawa wala chakula. Muiandikie Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga, na wenzetu wa ziwani waiandikie ya Nyasa, wakiomba mahali maalumu pa kukusanyia chupa za dawa, na ushauri wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu juu ya kuziteketeza kwa usalama. Barua iwe na idadi: chupa ngapi, viriba vingapi, katika vitongoji vingapi. Barua yenye hesabu ni vigumu kuiweka kando.

Na sisi wenyewe tuanze na nyumba ya Mungu. Katika sherehe za Parokia, jubilei na Komunyo ya Kwanza, tutumie vikombe na sahani zinazooshwa. Haitafaa tuwahubirie wakulima huku uwanja wa kanisa umejaa chupa za maji kila Jumatatu.

5. HITIMISHO

Ndugu zangu, huku mlimani tunakula usipa wa ziwani, na kule ziwani wanakula maharage ya mlimani. Biashara hiyo ya chakula ni ya kale, nayo imetufanya ndugu. Tuone haya kupelekeana sumu katika maji yale yale. Mbele ya Mungu tutaulizwa juu ya jirani yetu, na Injili haikusema kwamba jirani ni yule tu anayeonekana kutoka mlangoni petu.

Mungu Mwenyezi, Muumba wa mlima na ziwa, awabariki ninyi na kazi ya mikono yenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Kijito kilicho karibu na Jumuiya yetu chaelekea wapi? Ni akina nani wanaokunywa maji yake baada yetu?

2. Katika msimu uliopita, chupa na mifuko ya pembejeo iliyotumika katika kaya zetu ilikuwa mingapi, na sasa iko wapi?

3. Someni Ezekieli 34:17-22. Katika mambo ya plastiki, sisi ni kondoo wa kundi lipi?

4. Kwa wanajumuiya wa ziwani: wavu unapopotea, ni nini kinachomzuia mvuvi kutoa taarifa? Jumuiya yaweza kumsaidiaje?

5. Ni nani kati yetu atakayepeleka hoja katika mkutano wa AMCOS au wa kijiji, na lini? Andikeni jina lake na tarehe katika daftari la Jumuiya.